Kupunguza na kunoa picha kwa ajili ya karatasi na kioo: mwongozo kamili

Picha moja haiwezi kuwa na ukali unaofaa kila mahali. Faili linalopendeza kwenye simu linaweza kutoka legelege likichapwa A3, na lile lililonolewa kwa ajili ya karatasi litaonekana limekwaruzika likiwekwa Instagram. Ukali anaouona mtu hautokani na kamera peke yake. Unategemea pia pikseli ngapi (nukta ndogo zinazounda picha) zimebanwa ndani ya inchi moja, zimetua juu ya kitu gani, na mtazamaji yuko umbali gani. Ndiyo maana kazi yote iliyo hapa chini inafuata mpangilio mmoja: asilia inabaki kando, kila matumizi yanapata nakala yake, nakala inafikishwa kwenye ukubwa wa mwisho, na hapo ndipo inanolewa kwa mara ya mwisho.

Nitatumia picha moja kuonyesha hatua. Ni mlango wa mbao wenye nakshi katika Mji Mkongwe, Zanzibar, wenye vichwa vya misumari ya shaba, ukuta wa chokaa pembeni, na mzee amekaa barazani na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Picha ya namna hii ina karibu kila kinachosumbua: michoro midogo, ukuta wenye chembechembe, ngozi ya uso, na vitundu vya kofia ambavyo huvurugika vibaya picha ikipunguzwa ovyo. Chukulia imepigwa kwa kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli 6000 kwa 4000. Programu ni GIMP, kwa sababu ni ya bure na inakwenda hata kwenye laptop iliyochoka. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mwenye Photoshop atakuta hatua hizo hizo kwa majina yanayokaribiana.

Hesabu kabla ya kugusa chochote

Karatasi inapimwa kwa inchi au sentimita, faili linapimwa kwa pikseli, na kinachoziunganisha ni idadi ya pikseli kwa kila inchi. Kwa picha ya kushikwa mkononi, kipimo kilichozoeleka ni 300. Chukua urefu wa karatasi katika milimita, gawanya kwa 25.4 upate inchi, zidisha kwa 300. Kwa saizi zinazoombwa sana kwa mafundi wa studio, majibu ni haya:

- inchi 4 kwa 6: pikseli 1200 kwa 1800
- inchi 5 kwa 7: pikseli 1500 kwa 2100
- inchi 8 kwa 10: pikseli 2400 kwa 3000
- A4: pikseli 2480 kwa 3508
- A3: pikseli 3508 kwa 4961

Kwa nini 300? Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya takriban dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiwa umeshika picha sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni kama milimita 0.087, na ndani ya inchi moja zinaingia nukta 290 hivi. Ukirudi nyuma, hitaji linashuka. Gawanya 8,700 kwa umbali katika sentimita, utapata pikseli kwa inchi ambazo jicho linaweza kunufaika nazo. Mita moja inatoa 87, mita tatu zinatoa 29. Hii ndiyo sababu bango kubwa la barabarani linaweza kuchapwa kwa pikseli chache mno na bado abiria wa daladala akaliona safi.

Kipimo cha 300 si sheria. Picha yenye 240 kwa inchi haitamsumbua mtu yeyote ukutani, na 200 inapita kwa picha ya sebuleni. Simu ya megapikseli 12, yenye pikseli 4000 kwa 3000, ikikatwa iendane na fremu ya inchi 12 kwa 18 inabaki na 222 kwa inchi, na inatoka vizuri kabisa kama ilipigwa kwenye mwanga wa kutosha. Mwanga hafifu na mkono uliotikisika huharibu picha nyingi kuliko upungufu wa pikseli.

Kuna imani moja ya kuitupa mapema: kwamba picha ya mtandaoni lazima iwekwe 72. Namba hiyo ni lebo tu ndani ya faili. Kivinjari hakiisomi, kinahesabu pikseli. Picha ya pikseli 1600 yenye lebo ya 72 na nyingine ya pikseli 1600 yenye lebo ya 300 zitaonekana sawasawa kwenye simu. Ndani ya GIMP lebo hiyo iko Image, kisha Print Size, na kuibadilisha hakuongezi wala hakupunguzi pikseli hata moja. Mteja akikuambia "niletee picha ya 300 dpi" bila kutaja saizi ya karatasi, bado hajakuambia kitu. Muulize sentimita ngapi. Picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana, aliyoitengeneza Russell Kirsch nchini Marekani mwaka 1957, ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Ichape kwa 300 kwa inchi na utapata kitu cha sentimita moja na nusu.

Hatua ya 1: anza na faili lililo zima

Nenda kwenye asilia: kadi ya kamera, au simu iliyopiga yenyewe. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa na kubanwa njiani, na mara nyingi inafika na pikseli 1600 hivi upande mrefu. Ukitaka kuichapa A4, pikseli hizo zinatawanyika hadi 137 kwa inchi, na usoni mwa mtu kunabaki vibonge vya mraba. Mwambie aliyenayo aitume kama *document*, au aweke kwenye flashi. Picha za marehemu kwenye mabango ya misiba zinaharibika hivi kila siku: picha nzuri ipo kwenye simu ya mpwa, lakini kwa fundi inafika ile iliyozunguka makundi matatu ya WhatsApp.

Fungua faili, kisha bonyeza Ctrl+D upate nakala, na funga asilia. Kila ukihifadhi JPEG upya inapoteza kidogo, kwa hiyo kazi inayoendelea ihifadhi kama XCF, muundo wa GIMP wenyewe. JPEG itatoka mara moja tu, mwishoni.

Hatua ya 2: mwanga, rangi na chenga

Maliza marekebisho ya mwanga na rangi kabla ya kupunguza au kunoa. Kama picha ina chengachenga kwa sababu ilipigwa gizani, zipunguze sasa, maana kunoa hakuchagui. Kila doa lenye ukingo litanolewa pamoja na nakshi ya mlango.

Ukiwa umepiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na unatumia Lightroom, RawTherapee au darktable, hapa ndipo pa kunoa kidogo kwa mara ya kwanza. Kihisi cha kamera nyingi kina vichujio vya rangi juu ya kila pikseli, na programu inakisia rangi mbili zinazokosekana kutoka kwa majirani. Kukisia huko kunalainisha picha. Lightroom huanza na Amount 40 na Radius 1.0, na kwa kazi nyingi hapahitaji kuguswa. Cha kugusa ni Masking: shikilia Alt huku ukiburuza, skrini itageuka nyeusi na nyeupe, na kilicho cheupe ndicho kitakachonolewa. Buruza mpaka anga na mashavu viwe vyeusi. Picha ya JPEG kutoka kwenye simu iruke hatua hii, kwani simu imeshainoa yenyewe, mara nyingi kupita kiasi.

Hatua ya 3: kata iendane na umbo la mwisho

Kamera inatoa picha ya 3 kwa 2, simu nyingi 4 kwa 3, na karatasi za A zina umbo lao. Usipokata mwenyewe, mashine ya studio itakata, na itakata bila kujali kama pembeni pana mkono wa bibi harusi.

Chukua kifaa cha Crop, weka tiki kwenye Fixed kisha Aspect ratio, andika 420:297 kwa A3. Kwenye picha yetu ya mlango, kimo kinabaki 4000 na upana unashuka kutoka 6000 hadi 5657, kwa hiyo tunapoteza pikseli 343. Sogeza fremu mpaka ukuta usio na kitu ndio unaoondoka na baraza linabaki. Kama mchapaji atakata kingo za karatasi kwa mashine, muulize anataka ziada kiasi gani. Milimita 3 kila upande ndiyo desturi. A3 yenye ziada hiyo inakuwa milimita 426 kwa 303, sawa na pikseli 5031 kwa 3579. Katika hali hiyo usiweke kofia ya mzee ikigusa ukingo.

Kwa Instagram ya wima, 4:5. Kutoka kimo cha 4000 unapata 3200 kwa 4000, ambayo baadaye itashuka hadi 1080 kwa 1350.

Hatua ya 4: badilisha ukubwa

Image, kisha Scale Image. Hakikisha mnyororo kati ya Width na Height umefungwa, la sivyo utamrefusha mzee wa watu. Andika upande mrefu: 4961 kwa A3, 1600 kwa ukurasa wa mtandao. Kwa karatasi, weka pia X resolution na Y resolution kuwa 300, ili mchapaji akifungua faili aone sentimita sahihi.

Chini kuna Interpolation, yaani namna programu inavyokokotoa pikseli mpya kutoka kwa za zamani. None inachukua pikseli iliyo karibu na kutupa nyingine, na matokeo yake ni ngazi ngazi kwenye kila mstari wa mshazari. Inafaa michoro iliyochorwa pikseli kwa pikseli, kama ya michezo ya zamani ya kompyuta. Kwa picha iache. Cubic inatosha kwa kazi nyingi. LoHalo na NoHalo ni nzuri zaidi, jaribu zote mbili ulinganishe. Kwenye Photoshop wenzao ni Bicubic Sharper kwa kupunguza na Bicubic Smoother kwa kukuza, ila kumbuka Bicubic Sharper tayari inanoa kidogo, kwa hiyo ukali wa hatua ya 5 upunguze.

Sasa itazame kofia. Bonyeza kitufe cha 1 ili pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini, na usogee mpaka kwenye kichwa cha mzee. Vitundu vya uzi vilivyokuwa safu safi kwenye asilia vinaweza kuwa vimegeuka mawimbi, mistari mipana inayopinda ambayo haipo kwenye kofia yoyote duniani. Hutokea pale mchoro unaojirudia unapokuwa mdogo kuliko pikseli zilizobaki kuubeba. Kikoi chenye mistari myembamba, shati la drafti, wavu wa dirisha na mabati ya paa la mbali hufanya hivyo hivyo. Mawimbi yakishaingia hayatoki kwa kunoa, yanazidi. Rudi nyuma kwa Ctrl+Z, kwenye faili kubwa zungushia kofia kwa Free Select, lainisha mipaka ya uteuzi kwa Feather, weka Gaussian Blur ya pikseli 1 hadi 1.5, kisha punguza upya. Kofia itapoteza vitundu ambavyo visingeonekana hata hivyo, na kubaki kofia.

Wapo wanaopunguza picha kwa hatua ndogo ndogo, nusu kwa nusu, wakiamini inabaki kali zaidi. Kwa programu za leo ni kupoteza muda.

Hatua ya 5: kunoa

Kwanza ujue kinachofanyika, maana mizani zake tatu hazieleweki bila hilo. Programu inatengeneza nakala yenye ukungu, inailinganisha na picha yenyewe, na pale zinapotofautiana, yaani kwenye kingo, inaongeza tofauti: upande mweusi wa ukingo unazidi weusi, upande mweupe unazidi weupe. Jicho linadanganyika na kusema picha ni kali. Hakuna undani mpya uliozaliwa. Mbinu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Kwenye chumba cha giza mafundi walitengeneza nakala chanya yenye ukungu, wakaibandika pamoja na negativu yake, na picha iliyosafishwa kutoka hapo ilitoka na kingo zilizosimama.

Bonyeza kulia tabaka la picha na uchague Duplicate Layer. Ukiwa kwenye tabaka la juu, nenda Filters, Enhance, Sharpen (Unsharp Mask).

*Radius* ni upana wa mkanda unaoguswa kando ya ukingo. Ndiyo mizani nyeti kuliko zote. Ikiwa kubwa kuliko nakshi zenyewe, mikanda inakutana katikati na mchongo wa mbao unageuka tope lenye mng'ao. Kwa skrini anzia 0.5. Kwa karatasi ya 300 kwa inchi anzia 1.2, ambayo ikishachapwa ni sawa na milimita 0.1, upana ambao jicho halioni kama mkanda bali kama ukali.

*Amount* ni nguvu. Kwenye GIMP, 0.5 ni sawa na asilimia 50 ya Photoshop. Kwa skrini 0.4 hadi 0.6, kwa karatasi 0.8 hadi 1.2.

*Threshold* inaamua tofauti ndogo kiasi gani iachwe bila kuguswa. Kwenye GIMP za sasa inakwenda kutoka 0 hadi 1, na 0.02 inatosha kuzuia chenga za kivulini zisiamke. Ukiipandisha sana, sehemu za ukuta zinanolewa na nyingine zinaachwa, na ukuta unaonekana una mabaka.

Weka tiki kwenye Split view ulinganishe kabla na baada. Tazama sehemu tatu. Kwanza pale paa au ukingo wa mlango unapokutana na anga: mstari mweupe ukionekana, umezidisha. Kisha vichwa vya misumari ya shaba: kila kimoja kiwe na mng'ao mmoja mdogo, si pete nyeupe inayokizunguka. Halafu ukuta: chokaa iliyochakaa ibaki chokaa, isifanane na kokoto.

Mara nyingi kunoa kunazaa pia rangi za ajabu kwenye kingo, kijani au zambarau. Badilisha Mode ya tabaka la juu iwe LCh Lightness, na kunoa kutagusa mwanga tu, rangi zibaki kama zilivyokuwa.

Uso ushughulikie peke yake. Ukali unaofaa mbao hauifai ngozi. Unaleta vinyweleo, makovu na jasho ambavyo mwenyewe hakuvijua. Kwenye tabaka lililonolewa chagua Add Layer Mask, White, chukua brashi laini ya rangi nyeusi yenye Opacity ya 50, upake juu ya mashavu, paji la uso na shingo; palipopakwa nyeusi ukali unafifia. Macho, nyusi, midomo na ndevu viache. Kwa picha za harusi hatua hii si ya hiari, hasa bibi harusi akiwa na vipodozi vinavyong'aa.

Picha iliyokosa fokasi haiponi kwa hatua hii. Fokasi ikiwa imekwenda kwenye ukuta wa nyuma badala ya macho, utanoa ukuta. Ichape ndogo au iache.

Nakala ya mtandao

Kwa ukurasa wa kawaida, upande mrefu wa pikseli 1600 unatosha; picha inayojaza skrini nzima ya kompyuta ipe 2048; kijipicha cha orodha 400. Vioo vya simu vina pikseli nyingi kwa inchi kuliko vya kompyuta, hivyo picha inayokaa kwenye nafasi ya pikseli 400 inapendeza zaidi ukiipa 800. Instagram ipe upana wa 1080, vinginevyo itapunguza yenyewe kwa namna isiyo yako.

Kabla ya kutoa faili, nenda Image, Color Management, Convert to Color Profile, uchague sRGB. Ndiyo nafasi ya rangi iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na mpaka leo ndiyo inayochukuliwa na programu nyingi pale zisipoambiwa chochote. Picha ya Adobe RGB, nafasi nyingine ya rangi iliyo pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyojali wasifu wa rangi, ngozi inapauka na kitenge chekundu kinafubaa, na watu wanasema kamera mbovu.

Kisha File, Export As, jina liishie .jpg. Weka Quality kati ya 80 na 85, na uwashe Show preview ili uone ukubwa wa faili hapo hapo. JPEG inaikata picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kimoja. Ubora ukishuka sana vipande hivyo vinaanza kuonekana angani na kwenye vivuli. Picha iliyonolewa kupita kiasi huzaa faili zito zaidi, kwa sababu kila chembe iliyoamshwa lazima iandikwe. Hili si dogo kwa msomaji anayetumia bando. Ukurasa wenye picha kumi za megabaiti 8 ni megabaiti 80. Zile zile zikiwa kilobaiti 300 kila moja ni megabaiti 3.

Kwenye dirisha hilo hilo ondoa tiki ya Exif, yaani maelezo ya upigaji yanayobebwa ndani ya faili, kama picha imepigwa nyumbani au ina watoto. Simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa.

Nakala ya karatasi

Wino hausimami pale ulipodondoka. Unasambaa kidogo kwenye nyuzi za karatasi, zaidi kwenye isiyong'aa na zaidi tena kwenye turubai ya kitambaa. Kwa hiyo picha ya kuchapwa inapaswa kuonekana kali kupita raha yako ukiitazama kwa asilimia 100 kwenye skrini. Hapo ndipo wengi wanaogopa na kurudisha mizani nyuma, halafu wanalalamika studio imewaharibia. Ishushe hadi asilimia 33 uitazame tena: skrini ya kawaida ya kompyuta ina pikseli karibu 96 kwa inchi, kwa hiyo kwa kipimo hicho picha ya 300 inaonekana kwa ukubwa wake halisi wa karatasi. Ikionekana safi na imesimama kwa 33, uko karibu. Karatasi ya kung'aa anzia Radius 1.2 na Amount 0.9, isiyong'aa Radius 1.5 na Amount 1.2, kitambaa ongeza kidogo juu ya hapo.

Namba hizo ni pa kuanzia. Kipimo cha kweli kinagharimu bei ya picha moja ndogo. Kutoka kwenye faili la A3 ambalo halijanolewa, kata kipande cha pikseli 600 kwa 1200 chenye uso wa mzee na sehemu ya mlango. Kinakili mara tatu, noa cha kwanza kwa Amount 0.6, cha pili 0.9, cha tatu 1.3, kisha vipange kwa ubavu kwenye turubai ya pikseli 1800 kwa 1200. Peleka studio ichapwe inchi 4 kwa 6 kwenye karatasi ile ile utakayotumia. Utakuwa umeshika mkononi sehemu halisi ya A3 yako, kwa ukubwa ule ule, katika nguvu tatu. Isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua mbili, uchague.

Unapokabidhi faili sema mambo mawili waziwazi: saizi ya karatasi, na kwamba mashine isirekebishe chochote. Mashine nyingi za studio zinaweza kubadili mwanga na kuongeza ukali zenyewe, na picha iliyonolewa mara mbili inatoka na mistari myeupe uliyojitahidi kuiepuka. Uliza pia wanataka sRGB au CMYK, yaani rangi zilizogawanywa kwa wino nne za uchapaji. Studio za picha kwa kawaida ni sRGB, wachapaji wa vitabu na kalenda wana utaratibu wao. Kwa kazi muhimu peleka TIFF au JPEG ya Quality 95 kwa flashi, si kwa WhatsApp.

Bango, na picha isiyotosha

Bango la mita 2 kwa mita 1 lina inchi karibu 79 upande mrefu. Picha yetu ya pikseli 6000 inatoa 76 kwa inchi, na kwa mtu aliye mita tatu hiyo ni zaidi ya mara mbili ya anachoweza kuona. Usiikuze. Usikubali pia kuambiwa faili la bango lazima liwe 300. Lingekuwa na pikseli zaidi ya 23,000 na kompyuta ya fundi ingeganda bure. Noa kwa Radius kati ya 1 na 2, na maandishi yaandikwe kwenye programu ya kuchora, yasiwe sehemu ya picha.

Picha ikiwa ndogo kweli, kukuza kwa asilimia 150 kwa NoHalo hakuleti aibu. Kupita hapo kuna programu za akili bandia kama Upscayl, ya bure, au Super Resolution ya Adobe inayozidisha kila upande mara mbili. Zinafanya vizuri kwenye mbao, majani na kuta. Usoni kuwa mwangalifu: zinabuni kope, meno na mikunjo kutokana na nyuso nyingine zilizofundishwa. Kwa picha pekee ya babu iliyobaki katika familia, afadhali ukungu wake kuliko ukali wa mtu mwingine. Maandishi nayo huyageuza herufi zisizosomeka.

Picha mia mbili kwa mara moja

Harusi haiishi kwa kubofya moja moja. Sakinisha ImageMagick, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri, ingia kwenye folda ya picha, tengeneza ndani yake folda iitwayo web, kisha andika:

magick mogrify -path web -auto-orient -resize "1600x1600>" -unsharp 0x0.6+0.7+0.01 -quality 82 *.jpg

Amri hii inasimamisha picha zilizolala, inapunguza upande mrefu hadi 1600 bila kukuza zilizo ndogo (hiyo ndiyo kazi ya alama ya >), inanoa, na kutoa JPEG. Namba tatu baada ya unsharp ni zile zile mizani zetu: 0.6 ya Radius, 0.7 ya Amount, 0.01 ya Threshold. Jaribu kwanza kwa picha tano zisizofanana, moja ya ukumbini usiku, moja ya juani, moja ya uso kwa karibu, na kama za usiku zinatoa chenga punguza 0.7 iwe 0.4, au uzitenge kwenye folda yao. Usisahau -path web. Ukiiacha, mogrify itaandika juu ya picha zako asilia bila kukuuliza.